Kabla ya kamba na hema, hesabu saa za kipoyi

Swali: "Jambo muze. Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Goma, naishi Himbi, nina miaka 31. Nyiragongo nimeipanda mara mbili kabla ya mlipuko wa 2021, na mara ya pili nilifika juu kabla ya wenzangu wote. Sasa tuko marafiki wanne, tunataka mlima mkubwa zaidi, wa mawe matupu, mbali na watu: Mikeno, au Rwenzori kwa upande wa Mutwanga. Kamba tunayo, hema tunayo, nguvu tunazo. Tunakosa nini?"

Ndugu mwalimu, mnakosa watu 11.

Hesabu yenyewe ni hii, utaisahihisha ukitaka. Mmoja wenu akivunjika mguu huko juu, mnabaki watatu. Kumbeba mtu mzima kwenye kipoyi, yaani machela ya miti, katika njia mbaya kunataka watu sita kwa mara moja, watatu kila upande. Kunataka pia zamu mbili za kupokezana, kwa sababu baada ya dakika kumi vidole haviusikii tena mti ulioushika. Hao ni 12. Ongeza mmoja wa kutembea karibu na kichwa cha mgonjwa akimsemesha, na mmoja wa kutangulia na panga akitafuta pa kukanyaga. Jumla 14. Toa watatu mlio nao.

Namba hizi sikuzitoa kitabuni. Miaka mingi iliyopita tulikuwa juu ya Kalonge, kibanda cha kwanza cha Rwenzori ukitokea Mutwanga. Kijana mpagazi, mwepesi kuliko sisi wote, alikanyaga mzizi uliofunikwa na ukungu wa kijani. Sikumwona akianguka, nilisikia tu sauti kama ya kuni kavu. Nilipomfikia, mguu ulikuwa umesimama kwenye matope na kisigino kinatazama mbele. Tulikata miti miwili, tukavua makoti mawili ya mvua, tukaingiza mikono ya makoti kwa ndani, tukapitisha miti kwenye mikono hiyo na kufunga vifungo. Hicho ndicho kilikuwa kipoyi chetu. Tulikuwa watu tisa pamoja naye. Njia tuliyoipanda asubuhi kwa saa mbili tuliishuka kuanzia saa nne asubuhi, na giza likatukuta bado hatujaona paa la kibanda. Koti la kwanza lilichanika kabla ya saa sita. Kijana hakulia hata mara moja, ila kila tulipomtua alikuwa anaomba msamaha, na mpaka leo hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tangu siku ile mlima siupimi kwa mita. Naupima kwa saa za kipoyi: kutoka mahali ulipo hadi mahali gari linapoweza kufika, mtu akibebwa. Nyiragongo ina mita 3,470, unaianzia Kibati karibu kabisa na barabara ya Rutshuru, njia ni kama kilomita 8, ni moja tu, na katika siku zake nzuri ilikuwa imejaa wapagazi na walinzi wa hifadhi. Ukiumia kileleni, kesho yake uko hospitalini Goma. Mikeno ina mita 4,437 na siku mbingu ikiwa safi unaiona ukiwa mjini, imesimama kama jino lililovunjika. Watu wanadhani kwa kuwa inaonekana basi iko karibu. Kwa kipoyi, Mikeno iko mbali kuliko Kisangani.

Kuhusu ruhusa sina maneno mengi. Milima yote miwili iko ndani ya Hifadhi ya Virunga. Haipandwi bila kibali cha hifadhi na bila walinzi wake, na ukiambiwa imefungwa, imefungwa. Zaidi ya walinzi 200 wameuawa katika hifadhi hiyo kwa miaka hii yote ya vita, na walikuwa na silaha na waliijua misitu ile kama wewe unavyoijua jedwali la kuzidisha. Msimtafute kijana wa kijijini anayewaambia anajua njia ya panya. Njia ya panya anaijua kweli. Asichojua ni nani mwingine anaipita usiku huo.

Sasa tuje kwenye mawe, maana hapo ndipo Nyiragongo imewadanganya.

Nyiragongo ni mlima mchanga. Mnachokanyaga ni lava ileile mnayojengea nyumba hapa mjini: kali, yenye matundu, inayoshika soli hata ikilowa. Inakula viatu lakini haikutelezeshi. Mikeno ni mzee wake. Ilikufa zamani sana, mvua zimemenya ganda la nje, na kilichobaki ni kiini kigumu chenye kuta. Kuta hizo zimevikwa kuvu, majani na udongo mwembamba unaokaa juu ya mwamba kama kitambaa juu ya meza: ukikanyaga, kitambaa chote kinaondoka na wewe. Rwenzori ni kitu kingine tena. Si volkeno kabisa. Ni bonge la mwamba wa kale sana lililoinuliwa na nyufa zilezile zilizotengeneza bonde la maziwa yetu, kisha barafu ikalichonga. Kilele chake, Margherita, kina mita 5,109, cha tatu Afrika baada ya Kilimanjaro na Kenya. Mwamba wake ni laini kama bamba la chuma, na karibu kila siku umelowa.

Kwenye mwamba wa namna hiyo mikono na miguu yako ni vitu vinne, na vitatu vinabaki vimeshika wakati kimoja kinahama. Hili kila mtu analisema. Wachache wanalifanya wakichoka. Lakini kabla ya kushika, gonga. Nawafundisha vijana wangu kugonga jiwe kwa kifundo cha kidole au kwa ngumi, sikio likiwa karibu. Jiwe lililoshikamana na mlima haliitikii kitu, ni kama kugonga ardhi. Jiwe lililoachia linatoa sauti ya ndani, kama mtungi mtupu. Ukilisikia hilo, usilivute, usilikanyage, na mwambie wa nyuma yako. Na mikono ivute kuelekea chini, siyo kuelekea kwako. Droo ya meza inafunguka kwa sababu unaivuta kuelekea kwako, na jiwe ni hivyohivyo.

Jiwe moja tu linatosha. Septemba 1970 madaktari wawili wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walifika kilele cha Batian, Mlima Kenya, mita 5,199. Walikuwa wapandaji hodari, vifaa kamili, hali ya hewa nzuri. Walipoanza tu kushuka, jiwe kubwa likatoka, Judmaier akaanguka nalo, mguu ukavunjika na mfupa ukatoka nje. Oelz alishuka kuita msaada, akarudi kukaa naye. Kumtoa pale kulichukua zaidi ya wiki moja. Wapandaji wa Kenya walikesha ukutani wakijaribu kumshusha, helikopta iliyokuja kusaidia ikaanguka na rubani akafa, na mwishowe waokoaji walisafiri kwa ndege kutoka Innsbruck, Austria, ndio wakamshusha akiwa hai. Hiyo ni Kenya, penye chama cha wapandaji, barabara, na Nairobi iliyo safari ya nusu siku tu. Chukua hesabu hiyo uiweke Mutwanga.

Umesema mna kamba. Sikuuliza, lakini nafikiri ni ile ya nailoni ya kufungia mizigo kwenye Fuso, iliyonunuliwa Birere au soko la Virunga. Ni kamba nzuri kwa magunia ya makaa. Kamba ya kupandia imetengenezwa inyumbuke: ukianguka mita tatu inakupokea kama mama anavyompokea mtoto anayerushwa. Kamba ya mizigo hainyumbuki, inakukata katikati, au inakatika yenyewe kwenye ncha ya jiwe. Na hata mkiwa na kamba ya kweli, kama hakuna anayejua kuifunga kwenye mwamba na kumshikilia mwenzake, mnachofanya ni kujiunganisha ili muanguke pamoja badala ya mmoja mmoja. Wasio na ujuzi wa kamba wana usalama zaidi bila kamba, kwenye njia isiyoihitaji. Kaske, yaani kofia ngumu, hiyo nunueni. Hata ya kazi ya ujenzi inasaidia dhidi ya vijiwe vidogo, mradi ina mkanda wa kidevuni.

Baridi ndiyo inayoua watu wetu kuliko kuanguka, na hapa sisi wa Goma tuna kiburi kwa sababu tunajiona watu wa milima. Februari 1908 mwanajiolojia Mjerumani Egon Kirschstein alipita na msafara wake juu ya Karisimbi, jirani wa Mikeno. Theluji na mvua ya mawe zikawashukia ghafla. Watu 20 wa msafara walikufa kwa baridi siku hiyo. Hakuna simba, hakuna vita, hakuna aliyeanguka. Watu wenye nguvu za kubeba mizigo kutwa nzima walilowa, wakakaa chini kupumzika, wakagoma kuinuka.

Kila ukipanda mita 1,000, joto linashuka kama nyuzi 6 na nusu. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi, kilele cha Mikeno kiko karibu mita 3,000 juu yetu, kwa hiyo toa nyuzi 19 kwenye usiku wa Goma uone kinachobaki. Hapo hujaweka upepo, wala hujalowa. Jinzi ikilowa haikauki tena mlimani, inakuwa barafu uliyoivaa. Acheni pamba yote nyumbani, hata fulana ya ndani. Nguo za michezo za plastiki za mitumba, zile nyepesi za wachezaji, ni bora kuliko sweta zuri la pamba. Sufu ni bora zaidi. Na kila mtu awe na nguo kavu kamili ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, ambazo hazivaliwi mchana kwa sababu yoyote ile, ni za kulalia tu. Ukimwona mwenzako anatetemeka, mpe chai yenye sukari nyingi na umvalishe. Ukimwona ametetemeka sana kisha ameacha, halafu anaongea ovyo na vidole vinashindwa kufunga zipu, msifurahi kwamba amepata nafuu. Huyo anaondoka. Mvueni vyote vilivyolowa, mwingizeni kwenye mfuko wa kulalia, na mmoja wenu alale kando yake ngozi kwa ngozi. Aibu mtazizungumza Goma.

Tena kuhusu viatu, kwa kifupi: vya mitumba vilivyokaa miaka mingi kabatini Ulaya vinaonekana vipya lakini gundi imekufa. Vikunjeni kwa nguvu soli igusane na kisigino kabla ya kulipa. Mimi soli yangu ilibanduka kwenye mlima Kahuzi na nilishuka nimeifunga kwa kamba ya mtego. Kwenye matope ya Rwenzori bote za mpira za shambani zinashinda viatu vya bei kubwa mpaka mnapofika kwenye mwamba.

Kichwa kuuma ni somo refu, nitalifupisha pale panapofupika. Juu ya mita 3,000 mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne mnalala palepale mara mbili. Kupanda juu mchana na kurudi kulala chini kunaruhusiwa, tena ni dawa. Wewe uliyefika Nyiragongo kabla ya wenzako, nakuambia kwa upendo: wewe ndiye ninayemwogopa. Mapafu yenye nguvu hayakukingi na ugonjwa wa mwinuko, yanakufikisha tu haraka mahali unapokukamata.

Sasa sikia jambo ambalo vitabu vya Wazungu havilisisitizi, kwa sababu wao hawatoki Himbi. Ukiwa kwenye mita 3,800, kichwa kinauma, unatapika, mwili umelegea. Mwinuko? Au malaria uliyoumwa na mbu wiki mbili kabla, ikaamua kuamka mlimani? Dalili ni zilezile. Nimeona watu wakimeza dawa za malaria kambini na kujifunika blanketi wakisubiri nafuu, kumbe kinachowaua ni mita walizolalia. Nimeona na kinyume chake. Bebeni vipimo vya haraka vya malaria, vile vya tone la damu, na kipimajoto. Lakini kipimo kikionyesha malaria au kisionyeshe, mgonjwa anashuka. Malaria mtaitibu huko chini vizuri zaidi pia. Na kama ana kikohozi na anahema hata akiwa ameketi, au mkimwambia atembee mstari mmoja, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa pili, anayumba kama mlevi, basi hangoji asubuhi. Anashuka usiku uleule, kwa tochi, hata kama ni mita 500 tu. Hapo tena narudi kwenye kipoyi: nani atambeba?

Radi. Wanasayansi waliohesabu radi kwa setilaiti walikuta kwamba Afrika nzima hakuna mahali panapopigwa kuliko Kabare, hapa mashariki mwa Kongo. Wingu letu la mchana silo la mchezo. Kanuni yangu ni kwamba saa sita mchana kundi limeshaacha mgongo wa mlima na linashuka, hata kama kilele kimebaki hatua mia mbili. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka ngurumo, gawa kwa tatu, hizo ni kilomita. Chini ya sekunde 30 tayari umechelewa. Msijifiche chini ya jiwe lililosimama peke yake wala mdomoni mwa pango. Tawanyikeni, chuchumaeni juu ya mabegi, miguu pamoja.

Basi mfanye nini? Mimi sioni kwa nini mlima wenu wa kwanza wa mwamba uwe ule wenye saa nyingi za kipoyi kuliko yote. Nendeni Kenya, Point Lenana, mita 4,985. Ni kwa basi: Kigali, Kampala, Nairobi, na makalio yatalalamika kabla ya miguu. Ingieni kwa lango la Sirimon, mita 2,650. Kibanda cha kwanza, Old Moses, kiko mita 3,300, na cha pili, Shipton's, kiko mita 4,200. Mwalimu, umeshaona tatizo: ni mita 900 kwa usiku mmoja, karibu mara mbili ya kanuni niliyokupa. Wengi wanapita hivyo na wengi wanatapika. Nyinyi laleni Old Moses usiku mbili, siku ya katikati mpande mpaka mita 3,800 hivi mrudi, na Shipton's nako mlale mbili. Chukueni kiongozi wa pale, hata kama njia inaonekana. Kilele cha Lenana hakihitaji kamba. Mkiwa pale alfajiri, Batian itakuwa mbele yenu, mita 214 tu juu zaidi, na mtaelewa kwa macho tofauti ya kutembea na kupanda mwamba. Nendeni Januari au Februari, au Agosti shule zikiwa zimefungwa.

Mkirudi na bado mnaitaka Mikeno, tutaongea, kama hifadhi itakuwa inapokea watu. Kwenye tambarare ya Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi, ndipo Carl Akeley alipofia na kuzikwa mwaka 1926, yule Mmarekani aliyeshawishi mfalme wa Ubelgiji kuanzisha hifadhi mwaka mmoja kabla. Dian Fossey, yule mtafiti wa gorila, naye alianzia hapo mwaka 1967 kabla vita havijamfukuza akaenda Rwanda. Siyo mahali pa kufikia kwa bahati. Nami ningependa kuwaona mkifika pale mkiwa watu 15, mmoja wao akijua kamba.

Lakini kabla ya kukata tiketi ya basi, fanyeni kazi moja. Jumamosi hii tafuteni watu wengine watatu muwe saba, miti miwili na makoti mawili. Mlazeni aliye mwepesi kuliko wote. Nendeni palipo na lava isiyosawazishwa, mumbebe mita 500 bila kumwangusha, wewe ukishika saa. Andika dakika, na andika mmemtua mara ngapi. Kisha zidisha dakika kwa mbili, halafu kwa kilomita za mlima unaoutaka, na uniletee jibu.